Uji wa Wimbi kwa Dada

Juma lile tulilomzika dada yangu, nilitoka nyumbani kwake Kitale asubuhi bila mpango, mkobani nina shati moja na dawa za tumbo. Nilishika barabara ya Bungoma kwa sababu ndiyo niliyokutana nayo kwanza.

Dada ndiye aliyenilea. Mama akiwa shambani, yeye alinitafunia maharagwe akanitia mdomoni. Alipoolewa alinenepa, na wageni wakamsifu kwamba ametunzwa. Kiungulia kikimchoma, alikunywa maziwa baridi, akaendelea kupika.

Hospitalini walimkuta na vijidudu tumboni na mafuta kwenye ini. Mimi niliacha shule mapema lakini sikuacha kuuliza. Nikamwuliza daktari kama vijidudu ndivyo vilivyoleta mafuta. Akasema kwa watu wanene huenda kimoja kinachochea kingine; wataalamu bado wanabishana. Vijidudu vina dawa. Ini lilitaka apungue.

Dada alimeza dawa mpaka kiungulia kikatulia, akaziacha. Kupungua alikataa kabisa.

"Nikikonda si watasema niko na ule ugonjwa? Ama bwana amenichoka?" Akacheka, akaniongeza ugali.

Miaka ikapita, ini likashindwa. Mikono ilikonda, tumbo likajaa maji. Majirani wakaja na uji wa wimbi kwenye chupa ya chai.

"Sasa, mama! Ati unatuficha? Huyo ni kijana, bana, ona vile tumbo limechongoka!"

Dada hakuwa amejaliwa mtoto. Nilingoja awaambie ukweli. Alipokea uji, akasema asante, kisha akaweka mkono juu ya tumbo lile na kuuacha hapo mpaka walipoondoka. 

Daktari aliniambia watu wa nyumba moja huambukizana vijidudu hivyo, kwa mate na vyombo. Nikapimwa, nikakutwa navyo. Nani alimpa mwenzake, sijui. Tulikula sahani moja tangu nikiwa mtoto.

Jioni nilifika Kanduyi, mahali nisipomjua mtu, nikapata chumba kwa mama mmoja mpangishaji. Aliniletea ugali na mboga ya mrenda.

"Kula, kijana. Umekonda kama fito! Hapa tutakunenepesha."

Nikamshukuru. Nilikula peke yangu, nikatoa dawa. Tumbo langu lilikuwa limeshatulia, haliumi tena. Nilizimeza hata hivyo.