Mama Fotokopi na Ukurasa wa Nyuma

Saa mbili asubuhi. Mashine ya fotokopi inanguruma ndani ya kibanda kilicho mkabala na geti la shule ya msingi, lakini mwenye kibanda, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Fotokopi, hana habari nayo. Macho yote yako ng'ambo ya barabara, kwenye ubao ambako mwalimu mkuu anabandika majina ya waliochaguliwa kuingia sekondari.

"Nina wasiwasi utafikiri mimi ndiye niliyefanya mtihani," anasema.

Ana sababu. Miezi mitano iliyopita, mama mmoja fundi cherehani alimletea fomu ya binti yake ya kuchagua shule tatu. Nafasi zote tatu alikuwa ameandika shule ileile, ile yenye jina kubwa.

Fundi huyo yuko hapa leo, futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni.

"Nilitaka waone kweli naitaka," anajitetea.

"Uliwaonyesha, mwenzangu," Mama Fotokopi anamtania. "Ungeikosa mara moja, ungekuwa umekosa zote tatu."

Anajua anachosema, maana yalimkuta. Miaka minne iliyopita mwanawe wa kwanza alijaza hivyohivyo, akakosa, akakaa nyumbani mwaka mzima. Na maelezo yote yalikuwapo, nyuma ya fomu: shule ipi ina nafasi ngapi, ipi ina bweni, ipi ina walimu wa sayansi.

Shule hutoa fomu moja, wazazi wakatoe nakala wenyewe. Mwaka ule, ili kubana matumizi, wengi waliomba upande wa mbele tu, naye akawatolea wa mbele tu.

"Nilitoa nakala mia mbili, hata moja sikuigeuza nyuma. Hata ya mwanangu! Iliniuma, sikufichi."

Tangu hapo hatoi upande mmoja. Mzazi alipie asilipie, anapata pande zote mbili, na haondoki kabla hajasomewa wa nyuma. Foleni inanung'unika, yeye anasoma.

"Wenye kujuana na walimu wanaambiwa haya kwa simu. Sisi wengine tubahatishe mpaka lini?" anauliza, na sauti inapanda kidogo.

Siku ile fundi alipoleta fomu yake, alimsomea wa nyuma, kisha akampa nakala mpya isiyojazwa. Nafasi ya kwanza waliiacha ilivyo. Ya pili waliandika shule ambayo fundi hakuwahi kuisikia, yenye bweni na walimu watatu wa sayansi.

Mwalimu mkuu anaondoka ubaoni. Fundi anavuka barabara mbio, anapenya katikati ya watu, kidole kinateremka kwenye orodha. Kinasimama. Anarudi akilia na kucheka kwa pamoja.

"Ya pili! Wamemchukua ile ya pili!"

Mama Fotokopi anakaa kwenye stuli kwa mara ya kwanza tangu afungue. Anashusha pumzi ndefu. Jumamosi, anasema, ana dakika kumi kwenye mkutano wa wazazi; ameziomba mwaka mzima, na mwalimu mkuu amekubali. Atasoma ukurasa wa nyuma kwa sauti, mstari kwa mstari, wausikie wote kwa pamoja.

Baba mmoja anafika dirishani na fomu ya mwaka ujao.

"Nitolee wa mbele tu, nina haraka."

Kabla Mama Fotokopi hajainuka, fundi ameshaipokea ile karatasi na kuigeuza.

"Kaa hapa, kaka," anamwambia, akijifuta machozi. "Nikusomee."