Maelezo ya Kuwasha Injini

Saa moja na robo asubuhi injini ya kiwanda chetu cha pamba, pale Tororo, ilitoa mlio mmoja mzito ikasimama. Mkono wa pistoni ulikuwa umepinda. Fundi kijana aliyeiwasha alikuwa bado ameshika karatasi zangu, na alikuwa amezifuata neno kwa neno.

Kazi yangu ilikuwa kuandika maelezo ya mitambo. Wahindi wenye kiwanda walipofukuzwa nchini, waliondoka na mafundi waliojua kusoma vitabu vya mashine, nami nikajifundisha kwa kamusi. Wenzangu waliniita karani. Kwao, fundi husema na kalamu hutembea, basi.

Wiki moja kabla, fundi mkuu alikuwa ameacha kazi. Wanajeshi walimchukua ndugu yake, naye akaona heri avuke mpaka pale Busia akaishi upande wa Kenya. Mkewe alibaki kijijini Masinya kungoja akiba ya mumewe ya kazini ilipwe mwisho wa mwezi. Kabla mzee huyo hajaondoka, meneja aliniagiza niandike namna anavyowasha injini. Niliomba kusimama naye asubuhi chache, nitazame.

“Usimame ufanye nini?” meneja alisema. “Wewe si fundi. Mzee atasema, wewe piga chapa.”

Mzee mwenyewe alicheka. “Karani anataka kuposa injini yangu. Keti, ndugu, kunywa chai, mimi nasema.”

Alisema kwa utaratibu, bila hila. Nilipomsomea, aliitikia kila mstari.

Jambo moja hakulisema, nami nilikuja kulisikia kwa washona magunia waliokuwa wakimwona. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha, alifungua koki ndogo juu ya silinda, akazungusha gurudumu kwa mikono ili maji yaliyovujia ndani usiku yatoke, maana pistoni ikigonga maji, mkono wake hupinda. Alifanya hivyo huku akiwauliza habari za watoto. Mtu akikueleza namna ya kula ugali, hakwambii kwamba ananawa.

“Alificha makusudi,” meneja alisema. “Huu ni uhujumu.”

Miaka ile neno hilo lilitosha kumfikisha mtu kambini kwa wanajeshi.

“Hakuficha, bwana. Mikono yake inajua, mdomo haujui. Ndiyo maana niliomba kutazama.”

“Haya, karani amekuwa bingwa wa injini,” mhasibu alisema, na ofisi nzima ikacheka. Kwamba kujua watu wanachosahau kusema ni ufundi pia, hakuna aliyelifikiria, na mimi sikuwa na cheti cha kuwaonyesha.

Nilimtuma mchuuzi wa chumvi aliyekuwa akivuka mpaka amwambie mzee asirudi. Jibu lilikuwa fupi: “Mwambie karani, mimi nilimwambia yote.” Aliamini hivyo, na sikupata tena nafasi ya kumweleza.

Mwisho wa mwezi mkewe alikuja kutoka Masinya. Mhasibu alimwambia mlangoni kwamba akiba ya mhujumu hailipwi. Zilikuwa shilingi elfu tatu mia sita na arobaini.