Mwendo wa Mwese

Mume wangu Siméon alikuwa fundi redio hapa Katumba, na mimi Vestina nilikuwa injini yake. Sijisifu. Nasema kwa sababu ya magoti. Mkiniona nashuka ngazi za kanisa huku nimeshika ukuta, msiseme ni uzee tu, semeni ni meza ya Siméon.

Enzi hizo redio ilikuwa redio, jamani. Mtu anatoka nayo Sibwesa ameifunga kwenye kitenge kama mtoto mchanga, anakaa kwenye benchi letu asubuhi mpaka mchana, na akisikia inapiga anacheka mwenyewe. Kibarazani palinuka risasi ya kulehemu na chai ya maziwa. Nikipita leo nikasikia harufu ya waya ulioungua, natamani kulia, na watu wanadhani moshi umeniingia.

Lakini redio za Mwese zilitutesa. Siméon anatengeneza, inaimba hapa mezani vizuri kabisa, mwenyewe anaipandisha milimani, na wiki inayofuata anarudi amenuna. "Fundi, imekufa tena." Siméon anaiwasha, inapiga! Mwenye redio anaona haya, Siméon anaona haya zaidi. Watu wakaanza kusema yule fundi Mrundi ni tapeli. Alikuwa anaacha chakula sahanini, na mimi nikiona sahani haijaisha naumia, maana nilimpenda yule mwanaume, hata kama hapa mbele mtanisikia namtukana.

Siku moja akaelewa. Redio haikufia mezani, ilifia njiani. Ile barabara inaitikisa mpaka waya ulioshikwa vibaya unaachia, na ikitulia waya unagusana tena kama vile hakuna kilichotokea.

"Basi, Mama Libérat," akaniambia, "barabara ije hapa kabla redio haijaenda kule."

"Barabara haibebeki," nikasema.

Akacheka. Akachukua kopo la maziwa ya unga, akalizungushia karatasi, akalifunga kwenye mtambo wa saa kuukuu ili lizunguke polepole bila kukosea. Juu yake akaweka kalamu kwenye waya laini. Katekista akampakia kwenye pikipiki akiwa amegeuka nyuma, kopo mapajani, mpaka Mwese na kurudi. Aliporudi alikuwa vumbi tupu, meno tu ndiyo meupe. Akanionyesha mstari wa kalamu uliojaa vilima na mabonde madogo. "Hii ndiyo Mwese," akasema. Mimi niliona kama kuku aliyekanyaga wino. Akafanya hivyo hivyo barabara ya Sibwesa na ile rafu rodi ya Kibaoni, mistari yote akaibandika kwenye daftari.

Kisha akatengeneza meza. Ubao wa mninga, springi nne chini yake, na chini ya hapo miguu ya cherehani ya marehemu mama yake. Kwenye gurudumu la cherehani akafunga kwa bolti kipande cha chuma kizito kilichovunjika mashineni kwa wasaga unga, upande mmoja tu. Gurudumu likizunguka, upande mzito unavuta, unaachia, unavuta, na ubao wote unatetemeka na redio yako juu yake. Ukisogeza kile chuma kuelekea ukingoni, mtikisiko unakuwa mkubwa. Ukikirudisha katikati, unakuwa mdogo. Hiyo ilikuwa kazi ya bolti. Lakini mtikisiko uende haraka kiasi gani, hiyo ilikuwa kazi ya miguu, na miguu ilikuwa yangu.

Nilimuuliza kwa nini tusitikise kwa nguvu zote tumalize. Akasema hapana, ukizidisha utavunja hata kilicho kizima, ukipunguza ubovu utajificha. Kila kiungo kibovu kina mwendo wake, ukikifikisha hapo kinajitoa chenyewe. Kwa hiyo kalamu na kopo vilikaa juu ya ubao, na mimi nikanyage mpaka mstari wangu ufanane na mstari wa barabara. Nilikuwa mwimbaji wa kwaya, basi nilishika mwendo kwa kuimba. Sibwesa ilikuwa na wimbo wake wa taratibu. Mwese ilikuwa na wimbo wetu wa kushukuru mavuno, ule wa haraka.

Na hapo sasa ndipo niwaambie ubaya wa Siméon. Kila nikifika katikati ya wimbo wa Mwese, jasho linanitoka, yeye ameinamia karatasi yake, anasema kwa sauti ya upole kabisa: "Hivi Nestori alishairudisha ile baiskeli?"

Nestori ni kaka yangu. Mwaka themanini na sita aliazima baiskeli ya Siméon kwenda mnadani Kibaoni, akarudi kwa miguu ameshika kengele peke yake. Alilewa, akaibiwa, kwisha. Kijana gani hajawahi kufanya ujinga? Lakini Siméon aliikumbuka miaka thelathini na kitu! Nilikuwa napandwa na mori, nyie, naacha kuimba, nafoka: "Wewe mwanaume huna lingine la kusema? Kaka yangu ndiye mwizi wako? Mbona ng'ombe wa mjomba wako alipokula mihogo yetu sikusema?" Nafoka huku nakanyaga, nakanyaga huku nafoka. Redio inanyamaza, yeye anaweka alama pale penye ubovu, kisha ananiangalia na kusema: "Nisamehe, Mama Libérat. Nimekosa." Mimi nashusha miguu, nakwenda zangu jikoni na hasira zangu.

Miaka mitatu iliyopita tulimzika. Nililia sana. Lakini ndani ya kilio kulikuwa na kijiwe kidogo: amekufa hajamsamehe kaka yangu.

Redio zilishakwisha, kila mtu ana simu. Kuku wakaanza kutagia kwenye meza.

Jumamosi iliyopita asubuhi akaja mjukuu wangu Joséline, mtoto wa Libérat. Ni muuguzi kwenye zahanati moja huko milima ya Mwese. Alikuja na dereva wa bodaboda anaitwa Maiko, na kwenye begi lake kulikuwa na kimashine cha kusikilizia moyo wa mtoto akiwa tumboni. Akakaa chini bila hata kusalimia vizuri.

"Bibi, hiki kitu kinaniua. Nimekileta mjini mara tatu. Fundi anakiwasha, kinalia. Nakipandisha, nafika, kimya. Mganga wetu kasema kingine hajui kitakuja lini, nifanye niwezavyo."

"Una haraka gani?" nikamuuliza.

"Kuna mama anaitwa Hana. Mimba ya tatu hii. Mbili zilizopita watoto walichoka tumboni, hatukujua mapema, tukawapoteza. Wiki hii anajifungua, Bibi. Nataka nimsikie huyu mtoto. Akichoka nijue, tumkimbize Hana Mpanda kabla mambo hayajaharibika."

Nikainuka. Nikawafukuza kuku.

Tulisafisha meza, Maiko akatia oili kwenye gurudumu, Joséline akavuta droo na kutoa kopo, saa na daftari. Tukafungua kifuniko cha kimashine, tukakifunga kwa mpira juu ya ubao. Ile sehemu yake ya kusikilizia, yenye waya, Joséline akaipaka jeli na kuibana shingoni mwake. Moyo wake ukasikika mpaka barabarani, pwu, pwu, pwu. Ubovu ukitokea, sauti itakatika.

Maiko akasema yeye ana nguvu, akanyage yeye. Haya, kanyaga baba. Alikanyaga kama anayemkimbiza mwizi, mara mbio, mara kachoka, na kalamu ikachora matope. Nikamwambia atoke, asije akavunja kilicho kizima.

Nikakaa mimi. Magoti yakalia. Nikaimba wimbo wa Sibwesa, mstari ukakaa sawa, moyo ukaendelea kulia. Nikaimba wa Mwese. Joséline akaweka karatasi yangu kando ya ile ya babu yake.

"Bibi, mstari wako umelala. Wa Babu umesimama zaidi."

Nikarudia. Nikaimba kwa nguvu zote, nikaongeza na makofi. Bado umelala. Mara ya tatu pumzi ikanikatika, nikaona aibu mbele ya mtoto. Nikafikiri, basi, nimezeeka, mwendo wa Mwese amekwenda nao Siméon kaburini. Na yule Hana sikuwa namjua, lakini nilimwona kabisa, amekaa kitandani anangoja.

Joséline alikuwa anapekua daftari, labda kuna bolti ya kusogeza. Macho yangu hayasomi herufi ndogo, na daftari lile mimi nililijua ni la mistari ya kuku tu, sikuwahi kulifungua.

"Bibi, Babu ameandika kitu hapa chini," akasema. Akasoma: "Sibwesa: wimbo wa kwanza, aachwe aimbe."

"Enhe?"

"Kibaoni: mwambie ugali una mabonge." Akanitazama, akaendelea polepole. "Mwese: wimbo wa pili. Kisha mtaje Nestori na baiskeli."

Nikamwambia arudie. Akarudia.

"Ati nini?"

"Ndivyo alivyoandika, Bibi. Na hapa chini: Wimbo peke yake hautoshi, unahitaji hasira kidogo."

Yesu wangu! Yaani mimi nilikuwa redio na yeye ameshika kitufe? Miaka yote ile najua ana kinyongo na kaka yangu, nimemsemea mpaka kwa padri, kumbe anarekebisha mwendo! Damu ikanichemka. "Nestori wa watu!" nikafoka. "Ametukanwa miaka thelathini kwa sababu ya mistari! Siméon, huna adabu hata huko uliko!" Na miguu, bila kuiambia, ilikuwa imeshaanza.

Maiko akaibana sehemu ya kusikilizia shingoni mwake, Joséline akainama juu ya ubao. Kalamu ikapanda, ikasimama kwenye mstari wa Siméon kilima kwa kilima.

Sauti ikakatika. Kimya.

"Usiache, Bibi!" Joséline akachukua kijiti cha kiberiti, akawa anagusa waya mmoja mmoja huku ubao unatetemeka. Akagusa mmoja mwembamba pembeni, sauti ikarudi. Akaachia, kimya. Akagusa, pwu, pwu.

"Huyu hapa!" akapiga kelele, na Maiko naye akapiga kelele, na mimi nikashusha miguu nikihema.

Kuulehemu hakukuwa mgogoro. Miaka mingapi nilimshikia Siméon chuma cha moto? Joséline alikuwa macho, mimi nilikuwa mikono, na ile harufu ikapanda kibarazani kama zamani.

Mtataka kujua kama kimashine kilifika. Kilifika. Siku ileile saa kumi na moja jioni Joséline alinipigia simu kutoka milimani, akaiweka karibu na tumbo la Hana, nikamsikia mtoto anakwenda mbio mbio, hana habari na mtu. Na Jumanne alizaliwa analia. Hilo lishikeni. Lakini mimi kilichonikaa moyoni ni kile kilichotokea kabla hawajaondoka kwangu.

Maana lazima upime tena baada ya kulehemu, ndiyo kanuni ya Siméon. Nikakaa, nikaimba. Mstari umelala. Joséline akanitupia: "Bibi, hivi Nestori alishairudisha baiskeli?" Nikacheka. Hasira imekwisha, nifanyeje? Utamkasirikiaje mtu ambaye alikuwa hana kinyongo hata siku moja?

Basi nikafikiri juu ya hilo. Kwamba alikuwa hana kinyongo, na hakuniambia. Kwamba ameniacha miaka mitatu na kijiwe kile kifuani, na daftari liko kwenye droo, hatua nne kutoka kitandani kwangu. Kwamba amekwenda, na mimi nimebaki na kuku.

"Siméon," nikasema, "kwa nini hukuniambia? Ningekucheka. Tungecheka wote wawili, mjinga wewe. Umeondoka unaniacha na nani?" Na machozi yananitoka, na miguu inakwenda. Kalamu ikapanda juu ya mstari wake. Moyo wa Maiko ulikuwa unalia pwu, pwu, haukukatika. Dakika moja, mbili, tano. Saa ya kopo ikafika mwisho, karatasi ikaisha.

"Imetosha, Bibi," Joséline akasema. "Imepona."

Sikuweza kuacha. Niliwaambia baadaye nilikuwa nahakikisha, lakini nawaambia nyie ukweli, sikuweza. Magoti yanawaka moto na miguu inakwenda, inamsubiri.

Joséline akaniangalia, kisha akaangalia daftari. Akafungua ukurasa wa mwisho, palipoandikwa namna ya kunisimamisha, akasoma kimoyomoyo. Akaja akapiga magoti kando ya cherehani, akanishika goti, akasema taratibu, kwa maneno yaleyale, vile yalivyoandikwa:

"Nisamehe, Mama Libérat. Nimekosa."

Nikashusha miguu.