Mjerumani Asiyetaka Asante

Neno langu la kwanza la Kijerumani lilikuwa bitte. Nililiokota ufukweni Diani nikiuza vinyago kwa watalii, nikalipenda kwa sababu lilifanya kazi mbili: ukiomba unasema bitte, na ukishukuriwa unajibu bitte. Kwa neno hilo na mengine machache nilipata Dubai kazi ambayo kwetu hakuna aliyeiamini, ya kumtafsiria kocha wa mpira.

Nilikuwa mbeba mizigo katika hoteli moja ya Al Rigga. Kocha mwenyewe alikuwa beki kwao Ujerumani mpaka goti likamharibikia, kisha akageukia ukocha. Alifikia hotelini kwetu akigombana na mtu kwenye simu, nami nikamtania kwa lugha yake. Haukupita muda nikawa uwanjani, natafsiri kwa Kiarabu changu cha madrasa na cha sokoni Deira. Klabu ilichukua udhamini wa viza yangu kwa ombi lake tu. Akiondoka yeye, na mimi khalas.

Alikuwa na sharti moja nililoliona wazimu: nisimwambie asante. Sisi watu wa pwani, hata ukisogezewa chumvi unashukuru. Huyu ukimshukuru alikunja uso kama aliyetukanwa. Siku moja garini akanieleza. Klabu zilizomfukuza zilikuwa nyingi, lakini hakuna hata moja iliyomwambia kwamba imemfukuza. Mkubwa wa klabu huja, akampa mkono, akamshukuru.

"Anayenitukana bado ananihitaji," alisema. "Anayenishukuru ameshapata mwingine."

Msimu ule mambo yalituendea kombo. Arbab, mwenye klabu, alikuja kututukana baada ya kila mechi, nami nikayatafsiri matusi yale kwa moyo mweupe kabisa. Kisha, wiki ya mechi ya mwisho, akanyamaza. Alipita karibu yetu mazoezini akamwamkia kocha kwa upole. Nikatamani atutukane.

Mechi ile ilinitoa jasho kuliko waliokuwa wakicheza. Kocha alisimama kwenye mstari akilisugua goti lake bovu, nami ubavuni mwake nikipiga kelele, "Rudini nyuma! Rudini!" mpaka nikagundua kwamba nawafokea Waarabu kwa Kiswahili. Hata hivyo walirudi. Tulifunga bao moja, la kichwa, tukaling'ang'ania mpaka filimbi ya mwisho. Nilimkumbatia yule mzungu nikalia, sioni haya kusema.

Arbab akaingia chumba cha kubadilishia nguo, anatabasamu. Akamshika kocha mkono, akanigeukia.

"Mwambie mashkur. Mwambie klabu nzima inamshukuru."

Nilimchukia mtu yule na meno yake meupe. Tulikuwa tumeshinda, jamani! Alitaka nini tena?

"Yalla, mwambie," arbab akahimiza.

Kocha aliniangalia usoni. "Usitafsiri," akasema taratibu, akautikisa ule mkono kwa adabu.

Asubuhi yake nilimteremshia mizigo kutoka ghorofa alilokaa Dubai Marina. Kwenye lifti nilingoja aseme yeye. Nilijua ana namba ya simu ya arbab. Nilijua neno lake moja lingenibakisha klabuni, hata kama ni kwa kufua jezi. Mizigo ikaingia kwenye buti la teksi, dereva akawasha gari, na mimi bado nimesimama nangoja.

Akaniwekea mkono begani. Kisha akaongea Kiswahili, ambacho sikuwahi kumsikia akikisema na wala si mimi niliyemfundisha.

"Asante sana, rafiki."

"Bitte," nikasema.

Akatabasamu, akapanda teksi, akaenda zake. Alidhani nimemjibu. Nilikuwa namwomba.