Sura Moja kwa Mafundi Wote

Mama mdogo ni fundi cherehani katika soko la Kimironko, na ndiye aliyewashawishi mafundi wenzake waniruhusu niwapige picha. Aliwaambia wataingia kwenye gemu ninayoitengeneza na wenzangu, watoto wa Ulaya watawaona. Wakajipamba kweli. Mmoja alikwenda kusuka nywele kwanza, nasi tukamngoja.

Kwenye kompyuta zetu kubwa za ofisini, Kibagabaga, kila fundi alikuwa na uso wake. Kisha mnunuzi wa gemu akataka ichezwe kwenye mashine ndogo ya kushika mkononi, maana ndiyo inayouzika. Memori yake kiduchu. Tulipoijaribu, soko la kwenye gemu liliganda, mashine ikazima. Kila uso ni picha inayokaa kwenye memori wakati wote wa mchezo. Uso mmoja ukiurudia hata mara mia, mzigo hauongezeki. Mizigo mikubwa ilikuwa miwili: nyuso za mafundi, na mvua, ile lami iliyolowa inayong'aa kwa taa za pikipiki. Mvua niliitengeneza mimi. Basi mvua ikabaki.

Mafundi wote nikawavisha uso wa mama mdogo. Nilidhani namheshimu, mjinga mimi. Kumwambia mapema nikashindwa. Uso umeumbwa na haya, na mimi wangu nilikuwa nauficha nyuma ya kazi.

Siku ya kuwaonyesha walikuja ofisini wote, vitenge vya sare, marashi hadi mlangoni. Mama mdogo akawakalisha kama bibi harusi anayepokea wageni. Yule aliyesuka alichukua mashine, nikamwelekeza vitufe, akaingia sokoni. Akageuka kushoto, akageuka kulia.

"Huyu ni wewe," akamwambia mama mdogo. "Na huyu. Na huyu pia. Sasa sisi iko wapi?"

Mama mdogo akacheka, peke yake.

"Umetukula wote," mwingine akasema. Ulikuwa utani, lakini hakuna aliyeuchukua kama utani. Walimaliza fanta zao upesi, wakashukuru kwa adabu, murakoze, murakoze, wakaondoka bila kumsubiri aliyewaleta.

Sikuwa na pa kuuweka uso. Mama mdogo alikuwa akikusanya chupa ambazo hakuna aliyemwomba azikusanye.

"Mwana wanjye," akasema, "iko namna ya kunitoa mimi, uweke bale wenzangu? Kesho nitakaa nao namna gani?"

Namna ilikuwapo, na niliijua vizuri. Ningeipunguza mvua tu, kila mmoja angerudishiwa uso wake. Lakini mnunuzi alikuwa ameisifu sana mvua ile.

"Oya, mama, haiwezekani," nikamjibu. "Mashine ni ndogo."

Akaitazama mashine iliyoachwa mezani. Ndani yake mvua bado ilikuwa inanyesha.

"Lakini mvua yenu ni nzuri," akasema, na nikajua ananifariji.