Rangi Alizozijua Ndunge

Kalondu alishona sare za shule sokoni Tawa, na cherehani ikipumzika aliandika hadithi za watoto. Mhariri mmoja wa Nairobi alimrudishia moja, akisema msichana wa miaka sita hawezi kusema "hudhurungi." Kalondu alikasirika, kisha akakubali. Tangu hapo alimsomea Ndunge wa jirani, wa umri huohuo, aliyelelewa na nyanyake Syokau. Hudhurungi, Ndunge aliiita rangi ya chai. Kijivu, rangi ya jivu. Kalondu akaandika hivyo hivyo.

Alasiri moja walifika mahali katika hadithi ambapo papai limeiva.

"Hapa nimeweka manjano," Kalondu alisema. "Wewe ungesemaje?"

"Kama macho ya susu."

Kalondu akacheka. "Macho ya nyanya yako ni meupe."

"Hiyo ni zamani. Hata mbwa wetu alikuwa nayo, halafu akakataa kuamka."

Kicheko kikaisha. "Mnakula nini huko kwenu?"

"Mimi nakula shuleni. Susu anakula ugali, mbwa naye alikuwa akiula. Mahindi yalinyeshewa, yakavaa sweta ya kijani. Susu huyaosha."

Kalondu alimgeuza mtoto kwenye mwanga, akamtazama macho. Yalikuwa meupe, au yeye ndiye aliyetaka yawe meupe. Akamshika mkono, wakaenda.

Syokau alikuwa amelala mchana, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Tumbo lilikuwa limevimba.

"Ni malaria tu, mwiitu wakwa, binti yangu," alisema. "Usinifanyie kelele."

"Mahindi mengine yako wapi, susu?"

"Nilipeleka kanisani. Wagawiwe ambao hawakuvuna."

Hospitalini daktari alisema ini limeharibiwa na sumu ya ukungu. Syokau hakufika Jumapili.

Kabla ya mazishi Kalondu alipita nyumba kwa nyumba pamoja na shemasi Kyule, aliyeyagawa mahindi ya kanisani. Wakubwa walijibu kwamba wako salama, kwa hiyo alianza kuwauliza watoto. Wengi waliomsikia walifukia mahindi yao. Ben, fundi wa baiskeli, alikataa.

"Mwaka wa njaa kama huu nimwage chakula cha kanisa?"

Mwanawe mdogo alikuwa mlangoni. Kalondu akachuchumaa. "Macho ya mama yana rangi gani?"

Mtoto alimtazama babake kwanza.

"Mama hataki kuyafungua," akasema.

Ben akaliacha gurudumu, akakimbilia ndani. Mkewe aliishi, lakini alilazwa hospitalini mpaka mvua ikaanza.