Betri za Baba Ilunga na Zumari la Kiayalandi

"Huyu? Huyu hata filimbi ya refa ingemshinda." Maneno hayo aliyasema mjomba wangu Deo, mbele za watu, uani kwetu Malvern, Johannesburg, siku nilipoingia nyumbani na zumari la Kiayalandi kwa mara ya kwanza. Jirani wa chumba cha nyuma akaongeza kwamba ala ya wazungu inataka mapafu ya wazungu. Na mwalimu wangu wa darasa la sita alikwisha kusema zamani kwamba nikimaliza shule atakula chaki. Leo nina stashahada ya kutengeneza ala za upepo, niliyoisomea hukohuko Ayalandi, na nimeitundika karakanani kwangu Jules Street mahali ambapo mteja hawezi kuingia bila kuiona. Nimeitundika hapo makusudi. Mwalimu yule bado hajala chaki.

Nayaandika haya kwa wenzangu tuliokulia Johannesburg wakati kaseti ilikuwa bado mali, kwa sababu Furaha ananimaliza. Furaha ni kitinda mimba wa marehemu Baba Ilunga. Ni msusi mwenye vidole vyepesi, na tangu aanze kujifunza zumari kwangu hanipi nafasi ya kunywa chai. "Kaka, nitumie rekodi nzuri za kusikiliza." Nikamtumia moja. Chai haijapoa, simu inalia: "Kaka, hiyo nimeimaliza, nitumie nyingine." Ameimaliza! Rekodi si chipsi. Nikamuuliza mpigaji alibadilisha mwendo wapi. "Eish, kaka, nilikuwa nasuka mtu, ilikuwa inapiga tu huko nyuma."

Basi tuanze na rekodi ambazo sitaki kuziona. Usiniletee askari waliovaa sketi wakipiga gwaride. Nimechoka. Kila nikisema zumari la mfuko, mtu ananiuliza sketi yangu iko wapi. Wale ni Waskoti, wanapuliza kwa mdomo, wamesimama, na ukiwa nao chumba kimoja utatoka kiziwi. Zumari la Kiayalandi hupigwa umekaa. Halipulizwi kwa mdomo. Chini ya kiwiko cha kulia kuna mvukuto mdogo, kama wa mhunzi, unaosukuma hewa kwenye mfuko ulio chini ya mkono wa kushoto. Bomba la vidole linalala mapajani, na mabomba mengine yanavuma chini kwa chini bila kukatika, kama nyuki walioshiba. Usiniletee pia zile za bendi kubwa, gita na ngoma na kinanda. Anayeanza akisikiliza bendi anasikia shangwe tu, hasikii kazi.

Sisi tulikuwa na kaseti moja. Aliyetukopesha alikuwa Bruda Malaki, mtawa mzee wa Kiayalandi aliyekuwa akitengeneza viti vya parokia yetu. Kiswahili chake alikipata miaka yake ya Kenya, kizuri kuliko cha baadhi yetu. Jumamosi baada ya katekisimu alikuwa akitupigia zumari, watoto wa Wakongo na Warundi tumekaa sakafuni, tunanukia mafuta ya nazi na maandazi. Halafu mwaka mmoja akatangaza kwamba wakubwa wake wanamrudisha kwao Ayalandi baada ya Pasaka ya mwaka uliofuata, magoti yamechoka. Tukamuuliza: na zumari? Akasema, "Zumari si kabati, wanangu. Nikipata hapa mtu mwenye masikio, litabaki. Nisipompata, narudi nalo."

Nilitaka zumari lile kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Nikanyoosha mkono. Akanipa nilichukue nyumbani hadi Pasaka, pamoja na kaseti: mzee mmoja anapiga peke yake jikoni kwake, mguu unagonga sakafu, birika linachemka, mbwa anabweka katikati ya wimbo wa pili.

Enzi hizo hukuanza kitu bila kukopa nusu ya mtaa. Zumari lilitaka kiti kisicho na mikono, na mwenye kiti hicho alikuwa Mjomba Deo yuleyule. Alinipa, akasema, "Kichukue, angalau ukianguka uwe karibu na ardhi." Mama Zawadi, msusi, akaniazima redio-kaseti ya saluni ambayo mlango wake ulifungwa kwa bendi ya nywele. Ukabaki umeme. Mama yangu alikuwa na sheria moja kuhusu umeme: ni wa kupika, si wa makelele. Kwa hiyo zikatakiwa betri, na betri nilizipata kwa Baba Ilunga.

Baba Ilunga, jirani yetu wa ukuta mmoja, alikuwa mlinzi wa ofisi moja kule Marshalltown, zamu ya usiku. Alikuwa mrefu, mpole, kofia yake ya kazi ameibeba mkononi siku zote kama mkate wa moto. Asubuhi akirudi, mimi najiandaa kwenda shule, alitoa betri kwenye tochi yake na kunikabidhi. Jioni akienda kazini nilizirudisha. Betri zilizokesha zikimulika korido za ofisi zilikuwa zimechoka kama mwenyewe. Tulizianika juani kwenye ukuta, tukaziuma kwa meno, tukazisugua kwenye suruali. Wenzangu wa rika langu wanacheka sasa hivi, kwa sababu na wao waliziuma.

Na hapo ndipo kosa lilipozaliwa, kosa ambalo lisingeweza kuzaliwa mahali pengine. Kaseti ikipigwa kwa betri zilizochoka huburuta. Mimi nilijuaje? Sikuwahi kuisikia kwa betri mpya. Wimbo wa pili, ule wenye mbwa, ulitoka mzito, mnene, kila noti inajikokota kama mtu anayepanda ngazi na gunia, na mbwa mwenyewe alibweka kama ng'ombe. Sauti ilikuwa chini kuliko bomba langu. Nikasema moyoni, hawa Waayalandi wana huzuni kubwa na mbwa wakubwa. Nikaushika wimbo vile nilivyousikia.

Nilijifunzia uani, kati ya kamba za nguo, asubuhi kabla ya shule na tena mchana nikirudi. Mama alivumilia wiki ya kwanza. Wiki ya pili akatoa kichwa dirishani: "Hiyo mbuzi au uichinje au uiachie, lakini usiendelee kuitesa!" Majira ya baridi ya Johannesburg hayana unyevu hata kidogo, na vile vitete vidogo vinavyotoa sauti vilikauka vikapiga yowe. Nikaweka sufuria ya maji ya moto chini ya kiti. Hakuna aliyenifundisha. Miaka mingi baadaye, chuoni, mkufunzi alitueleza jambo hilohilo kama siri kubwa ya ufundi. Nikamwambia mimi nililijua nikiwa na kaptula. Hakufurahi.

Kufika Kwaresima ya mwaka uliofuata nilikuwa na wimbo mmoja tu. Wenzangu walisema Bruda hatanipa zumari kwa wimbo mmoja, na mimi usiku nilikwisha kuanza kuliaga. Ndipo Baba Ilunga akafariki. Moyo. Alirudi kutoka kazini, akakaa kitandani kuvua viatu, akavua kimoja.

Matanga yalikuwa uani kwao, turubai la parokia, wanawake wameketi kwenye mikeka. Nyimbo ziliponyamaza Mama Ilunga akaniita. Macho yamevimba, sauti imebaki robo. "Weye mutoto wa zumari. Bwana yangu alikuwa anakusikia kila asubuhi mbele ya kulala. Umupigie."

Nikaleta kiti cha Mjomba Deo. Nikapiga wimbo wa pili, polepole kama betri zilivyonifundisha. Sijasikia tena kilio kama kile, na nimepiga kwenye majumba yenye mazulia. Mjomba Deo mwenyewe alitoka nje ya geti akajifanya anatafuta sigara. Nilipomaliza nikamwona Bruda Malaki nyuma ya turubai, mabega yanatikisika. Nikadhani analia. Alikuwa analia kweli, lakini alikuwa pia anacheka, maskini, amejiziba mdomo kwa kofia.

Akanivuta pembeni. "Mwanangu, huo ni wimbo wa kucheza. Kwetu watu huucheza mpaka mbao za sakafu zinavunjika."

Nilitamani ardhi inimeze. Nikajua zumari limekwenda.

"Ngoja," akasema. "Nimeupiga wimbo huo tangu ujana wangu. Yale mapambo madogo ya vidole, mimi huyaruka, kila mtu huyaruka kwa sababu ya haraka. Wewe umeyapiga yote. Umeyasikia wapi?" Nikamtolea mfukoni betri za marehemu, alizonikabidhi asubuhi ile ya mwisho. Akazipima mkononi, akaelewa kwa nini kaseti iliburuta. "Zumari libaki hapa," akasema. "Na huyu mama usimwambie leo. Mwambie siku atakayoweza kucheka."

Ndiyo maana, Furaha, na wengine wote mnaoanza, nawapa rekodi za namna moja tu. Tafuteni mzee mmoja, au bibi mmoja, anayepiga peke yake, chumba kidogo, rekodi chafu kiasi kwamba unasikia mguu na birika. Kwanza wimbo wa taratibu, ili usikie mfuko unavyobanwa bila kutetereka. Kisha wimbo mmoja wa kucheza, mmoja tu, na mkae nao mpaka muujue hadi mbwa wake. Sisi tulilazimika kuua betri ili muziki uende polepole. Ninyi mna simu inayopunguza mwendo kwa kidole kimoja, na sauti haishuki, na mbwa anabaki mbwa! Mnakitumia kidole hicho kufanya nini? Kuruka kwenda wimbo unaofuata. Jamani.

Nilipoondoka kwenda Ayalandi hakuna aliyedhani nitarudi. "Akifika huko atabeba mizigo bandarini," Mjomba Deo aliwaambia watu kwenye spaza, kile kiduka cha mtaani. Nilirudi na stashahada. Na kabla sijafungua karakana nilianza kuwalipa walionikopesha. Kaseti nilikuwa nimekwisha kuirudisha mkononi mwa Bruda Malaki, katika nyumba yao ya watawa wazee. Tuliusikiliza wimbo wa pili kwa mwendo wake, akacheza kwa vidole vya miguu ndani ya blanketi. Mama Zawadi nikampelekea redio mpya yenye mlango unaojifunga. Mjomba Deo nikamletea kiti nilichokichonga mwenyewe, hakina mikono. Alikigeuza juu chini akitafuta kasoro. Hakuipata. Akasema, "Sharp," yaani safi, akakikalia.

Akabaki Mama Ilunga. Kwake nilingoja, kama nilivyoagizwa, mpaka mwaka huu alipomwoza binti yake, dada wa Furaha, katika ukumbi wa parokia ambamo Bruda alikuwa akitupigia, mchana kweupe. Nikaomba nafasi. Nikakaa, nikafunga mvukuto, nikapiga wimbo wa pili kama ulivyo.

Mwanzoni hawakuutambua. Vijana wakaruka, wazee wakafuata. Mama Ilunga alikaa tu ameinamisha kichwa, anasikiliza kama mtu anayejaribu kukumbuka sura. Kisha akaja moja kwa moja mbele ya kiti changu.

"Weye! Hii ni ile ya bwana yangu!"

"Ndiyo, Mama."

"Iko ya kucheza?"

"Tangu mwanzo, Mama. Betri ndizo zilikuwa zimechoka."

Akanitazama, nami sikuthubutu kuacha kupiga. Halafu kicheko kikamtoka, kicheko kikubwa, ameshika mbavu na machozi yanashuka. "Ilunga, bwana yangu! Walikuzika na ndombolo ya wazungu!" Akavua viatu, akavisukuma chini ya kiti changu, akacheza. Furaha, aliyekuwa mchanga mgongoni siku ya matanga, alisimama mlangoni bila kushika simu. Ni kesho yake alipokuja kuomba nimfundishe.

Wimbo ulipokwisha nikatoa mfukoni betri mpya, bado zimo kwenye pakiti yake, nikampa Mama Ilunga kwa mikono miwili. Akazipokea. Alimtuma Furaha nyumbani, mtaa wa pili tu, akarudi na tochi ya zamani ya kazi, kioo kimepasuka. Kumbe mama yake aliitunza. Akaifungua, akatia betri, akabonyeza. Ikawaka, palepale mchana, na akaimulika miguuni mwa watu. "Mupige tena," akaniambia. "Na musiburute."